Kijiji cha Zege: Mfano wa Messines wa Mwaka 1918 na Mtenda Aliyesahaulika

Utangulizi

Wengi wetu tumezoea kuisoma historia ya vita katika vitabu, hati za serikali na masimulizi ya wazee. Makala haya yanakusudia kuzungumzia chanzo cha aina nyingine, nacho ni kijiji kidogo cha mfano kilichojengwa kwa mikono, kwa vitu vya kawaida vilivyopatikana karibu, wakati vita vyenyewe vikiendelea. Kijiji hicho kilijengwa Uingereza mwaka 1918 kuonyesha kijiji cha Messines kilichoko Ubelgiji.

Tutaangalia mambo matatu. Kwanza, kijiji hicho kilikuwa nini na kilijengwaje. Pili, kinaonyesha nini na kinaficha nini. Tatu, sisi tunaofundisha na kujifunza Kiswahili katika eneo hili la Maziwa Makuu tunaweza kupata faida gani kutokana nacho, kwa kuzingatia kwamba vita hivyo hivyo vilipita pia katika vijiji vyetu.

Kuhusu istilahi

Kabla ya kuendelea, ni vizuri tuafikiane kuhusu maneno. Wajenzi wa mifano ya aina hii hutumia neno diorama. Neno hili lilianza kuvuma Paris mwaka 1822, Louis Daguerre na mwenzake Charles Bouton walipofungua jumba la picha kubwa zilizobadilishwa sura kwa mwanga. Baadaye maana yake ilihama, na leo diorama ni mandhari ndogo yenye majengo, miti na watu, iliyoundwa ili mtazamaji aione kama kitu halisi kilichopunguzwa ukubwa.

Katika Kiswahili tunaweza kusema mfano, kielelezo au modeli. Neno "mfano" lina kazi nyingi mno, na "kielelezo" tumeshalizoea katika vitabu vya sarufi. Katika makala haya nitatumia "kijiji cha mfano". Hapa mwanafunzi wa mofolojia atatabasamu, maana neno "kijiji" lenyewe ni umbo la udogo la "mji". Shina -ji ni la silabi moja, hivyo linapopewa kiambishi ki- cha udogo huongezewa ji- mbele yake, kama ilivyo kwa mti na kijiti, mto na kijito, mtu na kijitu. Kijiji, basi, kimekwisha kupunguzwa na sarufi kabla fundi hajachukua kipimo chake.

Messines, kijiji kilichogombaniwa

Messines, ambacho wenyeji Waflemi hukiita Mesen, kiko juu ya mwinuko mdogo kusini mwa mji wa Ypres, Flandria ya Magharibi. Kwa idadi ya watu ni kijiji, kwani wakazi wake ni wapatao 1,000 tu, lakini kwa sheria ya Ubelgiji kina hadhi ya mji na ndicho kidogo kuliko miji yote ya nchi hiyo. Mwinuko wake si mkubwa. Katika nchi tambarare, hata hivyo, aliyesimama juu humwona aliye chini, na hiyo ndiyo sababu majeshi yaligombania mahali hapo.

Wajerumani walikiteka kijiji hicho mwanzoni mwa Novemba 1914. Kwa muda wa zaidi ya miaka miwili walichimba mahandaki na kujenga ngome za zege ndani ya magofu ya nyumba na ya kanisa. Upande wa pili, wachimbaji wa Uingereza, Kanada na Australia walichimba njia za chini kwa chini hadi kwenye uvungu wa ngome hizo na kuzijaza baruti.

Tarehe 7 Juni 1917, saa tisa na dakika kumi alfajiri, mashimo 19 ya baruti yalilipuliwa karibu kwa wakati mmoja. Inasemekana kishindo chake kilisikika hadi London. Baada ya hapo askari wa miguu walipanda mwinuko, na kijiji cha Messines chenyewe kikatekwa na askari wa New Zealand, miongoni mwao wakiwa wa kikosi kilichoitwa New Zealand Rifle Brigade. Katika mapigano hayo New Zealand ilipata hasara ya watu wapatao 3,700, wakiwamo waliokufa wapatao 700. Kwa nchi iliyokuwa na watu milioni moja na ushei, hasara hiyo haikuwa ndogo.

Shambulio hilo linajulikana kwa maandalizi yake. Jenerali Herbert Plumer, aliyeongoza Jeshi la Pili la Uingereza, alitaka kila ofisa na kila askari aijue ardhi kabla ya kuikanyaga. Hivyo karibu na kilima cha Scherpenberg ulijengwa juu ya ardhi mfano mkubwa wa mwinuko mzima, wenye barabara, misitu na mahandaki, nao askari wakapelekwa kwa makundi kuutazama. Kwa hiyo Messines ilikuwa imekwisha kujengwa kwa udogo kabla ya kushambuliwa. Mfano huo wa kwanza ulikuwa chombo cha kazi. Ule uliofuata ulikuwa pia chombo cha kumbukumbu.

Kijiji cha mfano cha Brocton

Katika nyika ya Cannock Chase, mkoa wa Staffordshire, Waingereza walijenga wakati wa vita kambi mbili kubwa za mafunzo. Mojawapo iliitwa Brocton. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1917 kambi hiyo ilipokea askari wa akiba wa New Zealand Rifle Brigade, waliokuwa wakifunzwa kabla ya kuvuka bahari kwenda Ufaransa na Ubelgiji. Karibu yake palikuwa na kambi nyingine yenye seng'enge, ya mateka wa vita wa Kijerumani.

Hapo, mwaka 1918, ndipo kilipojengwa kijiji cha Messines kwa mara nyingine. Eneo lake lilikuwa takriban mita 40 kila upande, na kipimo chake kilikaribia 1 kwa 50. Maana yake ni kwamba nyumba yenye urefu wa mita 10 ilionyeshwa kwa sentimita 20, na handaki lenye kina cha mita 2 lilikuwa na kina cha sentimita 4. Kanisa, nyumba zilizobomolewa, barabara na mistari ya mahandaki, vyote vilipangwa kama vilivyokuwa katika ramani za vita.

Vifaa havikuwa vya anasa. Vilikuwa zege, matofali na kokoto, vitu ambavyo kila kambi ya kijeshi inavyo, na Cannock Chase ina kokoto za mviringo zisizo na idadi juu ya ardhi yake. Aliyewahi kumwona mtoto wa kwetu akitengeneza gari kwa waya na vizibo vya chupa atakielewa kijiji hicho haraka. Fundi haanzi kwa kuuliza duka liko wapi, huanza kwa kuangalia chini miguuni pake.

Walioshika mwiko na koleo walikuwa mateka wa Kijerumani, chini ya usimamizi wa askari wa New Zealand. Jambo hili linastahili kutafakariwa. Watu wa jeshi lililoshindwa walikijenga upya, kwa amri ya waliowashinda, kijiji kile kile ambacho jeshi lao lilikipoteza. Zaidi ya hayo, mwaka huo huo wa 1918 Messines halisi ilibadili mikono tena: Wajerumani waliirudisha tarehe 10 Aprili, wakakaa nayo hadi mwishoni mwa Septemba. Kwa miezi hiyo mitano na zaidi New Zealand ilikuwa na Messines ya zege huko Staffordshire, wakati Ujerumani ilikuwa na Messines ya magofu huko Ubelgiji.

Vita vilipokwisha, kambi ilibomolewa. Kwa miaka kadhaa watu walikuja kuutazama mfano huo, kisha nyasi na udongo vikaufunika. Mwaka 2013 wanaakiolojia waliufukua, wakaupima kwa mitambo ya leza ili picha yake kamili ibaki katika kompyuta, halafu wakaufukia tena. Hilo la kuufukia lisitushangaze. Zege jembamba lililoachwa wazi kwa mvua na barafu halidumu. Udongo ndio mlinzi wake.

Kinachoonekana na kisichoonekana

Kila mfano ni uteuzi. Mjenzi huamua nini kiingie na nini kiachwe nje, na uamuzi huo ni sehemu ya historia sawa na mfano wenyewe.

Kijiji cha Brocton kinaonyesha majengo na mahandaki, lakini hakionyeshi watu. Hakina mwenyeji aliyekimbia nyumba yake mwaka 1914, hakina mfu wala majeruhi. Mtazamaji husimama juu, kama ofisa mwenye ramani, na kuona vizuri kuliko alivyoweza kuona askari yeyote aliyekuwa ndani ya moshi ule wa alfajiri. Huu ni udhaifu wa kawaida wa vijiji vya mfano: usafi wake unaweza kutufanya tusahau kwamba vita si safi.

Udhaifu wa pili unatuhusu zaidi sisi watu wa lugha. Tazama sentensi hizi tatu:

Kijiji kilitekwa.
Mahandaki yalichimbwa.
Mfano ulijengwa.

Sentensi zote ni sahihi kisarufi, na zote ziko katika kauli ya kutendwa. Kiswahili kinaturuhusu kumtaja mtenda kwa kiunganishi "na": mfano ulijengwa na mateka. Lakini kinaturuhusu pia kumwacha, na sentensi haipungukiwi na kitu masikioni mwa msikilizaji. Historia ya vita imeandikwa kwa wingi katika kauli hii. Ngome zilijengwa, barabara zilifunguliwa, mizigo ilisafirishwa. Mtenda anabaki nje ya ukurasa, na kwa kuwa sentensi imekamilika, hakuna anayeuliza aliko. Mfano wa Brocton umebeba jina la kijiji na la kikosi cha New Zealand. Majina ya waliochanganya zege hayakuandikwa juu yake.

Hata hivyo, mahali pale pana jambo moja la haki. Karibu na zilipokuwa kambi yapo makaburi ya vita ambamo wamelala askari wa New Zealand, wengi wao wakiwa wameuawa na homa ya mafua ya mwaka 1918, na katika uwanja huo huo wamelala Wajerumani pia. Aliyelinda na aliyelindwa walikufa kwa ugonjwa mmoja, wakazikwa pamoja. Hata mbwa wa kikosi, aliyeitwa Freda, ana jiwe lake la kaburi huko Cannock Chase.

Vita hivyo hivyo upande wetu

Mbwa mwenye jiwe la kaburi anatulazimisha kugeuza macho kuelekea kwetu.

Mwaka 1916, mwaka mmoja kabla ya Messines kutekwa, majeshi ya Kongo ya Kibelgiji yaliyoitwa Force Publique, chini ya Jenerali Charles Tombeur, yalivuka na kuingia Rwanda, Burundi na hatimaye Tanganyika. Kigali iliingiwa mwezi Mei, na Tabora ikatekwa tarehe 19 Septemba. Oktoba 1917 majeshi hayo yalifika Mahenge. Walipigana kwa jina la Ubelgiji, nchi ambayo Messines yake ilikuwa kifusi. Vita vilipokwisha, Ubelgiji ilikabidhiwa Ruanda-Urundi. Ndiyo kusema historia ya kijiji kile cha Flandria na historia ya milima yetu zilifungwa katika kamba moja.

Vita vya Afrika Mashariki vilikuwa vita vya wapagazi. Magari yalikwama matopeni, na ndorobo aliua farasi na ng'ombe wa kukokota. Kilichobaki ni kichwa na bega la binadamu. Kila askari aliyekwenda mbele aliwategemea wapagazi kadhaa waliobeba chakula, risasi na dawa. Upande wa Waingereza pekee, hesabu inayotajwa mara nyingi na wanahistoria ni wapagazi zaidi ya 95,000 waliokufa, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Linganisha na New Zealand nzima, ambayo katika vita hivyo ilipoteza watu wapatao 18,000.

Wapagazi hao wameacha alama katika lugha yetu. Kariakoo, jina la mtaa na soko maarufu la Dar es Salaam, ni matamshi ya Kiswahili ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, ambacho kambi yake ilikuwa hapo. Watu hulitamka kila siku wakienda kununua vitenge na mchele, bila kukumbuka kwamba wanataja kikosi cha wafu wengi. Katika jiji la Nairobi, mnara wa askari una sanamu tatu, na mmojawapo wa watu hao watatu ni mpagazi. Ule wa Dar es Salaam, uliozinduliwa mwaka 1927, una askari mmoja peke yake.

Zaidi ya hapo, kwa muda mrefu palikuwa kimya. Mwezi Aprili 2021, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ripoti hiyo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda kufikia 350,000, waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Hapa kauli ya kutendwa imefikia ukomo wake: mizigo ilibebwa, na aliyeibeba hana hata jiwe.

Kijiji cha mfano darasani

Ni nani basi atakayejenga kambi ya wapagazi kwa kipimo cha 1 kwa 50? Ninapendekeza tuijenge sisi wenyewe, darasani. Zoezi hili halihitaji bajeti ya idara, linahitaji taka zilizochambuliwa vizuri.

Kwa kipimo hicho, kambi yenye upana wa mita 50 inaenea juu ya meza ya mita moja. Nyumba ya msonge yenye kipenyo cha mita 5 inakuwa na sentimita 10. Mtu wa mita 1.7 anakuwa na sentimita 3.4, hivyo njiti ya kiberiti ikikatwa kidogo inatosha kuwa mpagazi. Mwinuko hupatikana kwa kubandika tabaka za maboksi, kila tabaka ikiwa ndogo kuliko iliyo chini yake. Kuta hutengenezwa kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa ili usipasuke unapokauka. Mapaa ni ya nyasi au maganda makavu ya mgomba. Makopo ya maziwa yakikatwa kwa uangalifu hutoa masanduku ya risasi. Gundi ni unga wa muhogo uliopikwa kwa maji hadi uwe mzito.

Faida za kilugha ni nyingi. Kwanza, mwanafunzi hutumia ngeli za mahali kwa haja ya kweli: sanduku liko hapa, wagonjwa wamelala humu, njia inapita pale. Pili, msamiati wa vita unapata umbo. Ataweza kueleza kwamba handaki lina asili ya Kiarabu, na kwamba mzinga wa nyuki umetoa jina la mzinga wa kivita kwa kuwa vyote viwili ni mwili wenye uwazi ndani. Tatu, mwalimu aweke sharti moja: maelezo ya mfano yaandikwe bila kuacha mtenda. Mwanafunzi akiandika "mizigo ilibebwa", arudishiwe karatasi yake kwa swali moja tu, "Na nani?" Akiandika "wapagazi walibeba mizigo", aulizwe tena walitoka wapi, walikula nini, nani aliwaandikisha. Kila swali litaongeza kitu juu ya meza: jiko, mgonjwa, karani mwenye daftari, kaburi lililo kando ya njia.

Nne, zoezi hili litawapeleka wanafunzi kwa wazee. Waliobeba mizigo ile wameshaondoka wote, lakini wajukuu wao wapo, na majina ya njia, vivuko na kambi bado yapo katika vinywa vya watu. Jina la mahali ni hati ambayo nondo hawaili.

Tahadhari moja inafaa itajwe. Kijiji cha mfano kina mvuto wa mchezo, na vita si mchezo. Katika nchi zetu baadhi ya wanafunzi wamebeba majeraha ya vita vya karibu zaidi, hasa vya miaka ya 1990 na baadaye. Mwalimu asilazimishe mtu kujenga kijiji chake mwenyewe kilichochomwa. Vita vya mwaka 1916 viko mbali kiasi cha kutuwezesha kujifunza namna ya kuuliza, na adabu ya kuuliza ikishapatikana itasaidia panapohitajika.

Hitimisho

Tumeona kwamba mateka wa Kijerumani walijenga Messines ya zege mwaka 1918, kwamba askari wa New Zealand waliusimamia ujenzi huo ili kuwafunza wageni wa vita na kuwakumbuka wenzao, na kwamba wanaakiolojia waliufukua na kuufukia tena mwaka 2013. Tumeona pia kwamba katika vita hivyo hivyo wapagazi wa Afrika Mashariki na Kati walibeba jeshi zima vichwani mwao, wakaachwa nje ya mawe ya kumbukumbu na nje ya sentensi.

Jiwe si kazi yetu walimu wa Kiswahili, lakini sentensi ni kazi yetu. Tuwafundishe wanafunzi kauli ya kutendwa kama inavyostahili, na siku hiyo hiyo tuwafundishe kumtafuta mtenda. Idara itakayoanza kujenga kambi yake kwa maboksi na njiti za kiberiti inakaribishwa kuwaeleza wasomaji wa jarida hili, katika toleo lijalo, ilichopata.